Mtoto wa Ukutani

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nawaambieni mapema, nyie vijana, msije mkadhani mnazungumza na mtu wa kukodoa macho ovyo. Nimemuona ng'ombe wa mchezo akivunja uzio, akaingia dukani, akatoka na jora zima la kitambaa limening'inia kwenye pembe yake. Nimemuona bwana harusi akiikimbia harusi yake kwa baiskeli niliyomkodisha mimi, na baiskeli akairejesha, na kodi akalipa. Nimefungua baiskeli ya hakimu na baiskeli ya mchuuzi wa pweza, ndani zote nimekuta kitu kimoja: mafuta na mchanga. Mtu aliyekwisha kuona vitu vilivyo kwa ndani, atashangazwa na nini tena?

Maneno hayo nilikuwa nikiyasema kibandani kwangu Wete, hapa Pemba, kila siku, na watu walinisikiliza, maana fundi baiskeli kama mimi hakukuwa na wa pili. Shule niliacha darasa la tatu. Mwalimu alisema nitaishia kubeba magunia ya karafuu. Baadaye nikajenga nyumba ya mawe, na baiskeli yake yeye mwalimu, Mungu amrehemu, nikawa naitia upepo mimi, kwa mkono huu.

Kazi yangu basi ilikuwa baiskeli. Picha zilikuwa mapenzi. Sikuwa na studio, sikutundika kibao. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya hamsini mpaka sitini ilipoanza, mtu akiwa na harusi, au mwanawe kahitimu Kurani, au ana mgeni kutoka Mombasa, alisema: mwiteni fundi aje na kisanduku chake. Nami niliweka zana zangu chini, nikanawa mikono kwa majivu na sabuni, nikaenda. Nimekwenda mpaka Kiuyu kwa ajili ya picha ya mzee mmoja na jogoo wake.

Kisanduku chenyewe nilikipata kwa Mzee Kanji. Alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa na vipuri vya baiskeli, mtu mwembamba, hali nyama, na hasemi uongo hata anapouza. Alikuwa na kamera mbili. Ile ya kukunjuka hakumwachia mtu aishike. Ile ndogo, kisanduku cheusi mfano wa pakiti ya majani ya chai, alinipa baada ya mimi kuifufua baiskeli ya marehemu kaka yake iliyokuwa imeliwa na kutu mpaka mifupani.

"Inafanyaje kazi?" nikamuuliza.

"Njoo stoo," akanambia.

Akanitia stoo, akafunga mlango, akaziba nyufa kwa magunia. Nje ilikuwa saa nne ya asubuhi na jua la kupasua kichwa. Ndani kiza, hata mkono wangu siuoni. Kisha akachomoa kizibo kwenye ubao wa dirisha, tundu la kupita kidole.

Vijana, nilikaa chini bila kuambiwa. Njia nzima ya Wete ilikuwa ukutani mwa stoo ile, miguu juu vichwa chini. Punda anatembea darini. Mwanamke kajitwika ndoo, ndoo iko chini na yeye yuko juu yake, na maji hayamwagiki. Na rangi zake zote! Kanga nyekundu, majani ya kijani, mbingu imelala sakafuni kama shuka. Hakuna umeme, hakuna mtu anayechora. Tundu tu.

"Nani anafanya hivi?" Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Mungu wako, Mungu wangu," akasema Mzee Kanji. "Mimi nimechomoa kizibo tu. Kamera ndiyo stoo hii hii, imepunguzwa. Wewe ulifikiri ndani yake mna nini?"

"Mafuta na mchanga," nikamwambia.

Msinione fundi mkajua nilianza fundi. Filamu yangu ya kwanza niliifungua katikati ya uwanja, mchana, ili nione kama picha zimeingia. Nane zote zikafa kwa pamoja. Mzee Kanji aliishika ile filamu nyeusi, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Umepiga picha ya jua. Wallahi limefanana." Huyo alikuwa Mhindi wa kuapa wallahi, Pemba ilikuwa imeshamwingia.

Mara ya pili ilikuwa mchezo wa ng'ombe. Nilijigamba mbele ya watu kwamba nitampiga ng'ombe uso kwa uso. Kafungwa kamba ndefu, wachezaji wanamzunguka na vitambaa, wanawake wanaimba, mimi nimeinamia kioo cha kamera. Ndani ya kioo kile ng'ombe ni mdogo kama mbuzi na yuko mbali, nami nasubiri akaribie. Sasa jueni hili: kioo cha kamera husema uongo kuhusu umbali. Nilipoinua uso, pumzi yake ilikuwa kifuani kwangu. Picha ninayo mpaka leo, nilibonyeza huku niko mbioni. Ina kisigino changu kimoja na mawingu.

Kusafisha picha kuna adabu zake, na hizi hamtazikuta kwenye maandishi ya boksi la dawa, maana walioyaandika wanakaa nchi za baridi. Dawa ikipata joto la kwetu, ile ngozi ya filamu inayeyuka na uso wa mtu unateleza kama utando wa maziwa. Nilimpoteza shehe mzima hivyo, na kilemba chake. Dawa yangu nikawa naikoroga kwa maji yaliyolala kwenye mtungi, tena bakuli lenyewe nalikalisha ndani ya maji ya mtungi. Kuosha, nilivumbua mwenyewe, osha kwanza kwa maji ya bahari. Watu walicheka. Lakini maji ya chumvi yanaitoa dawa upesi kuliko ya kisima. Kisha ndiyo unasuuza kwa maji baridi ya kisima mara tatu, la sivyo inakauka na ukoga. Na filamu usiitundike penye kombamwiko. Kombamwiko anaila kama halua.

Chumba changu cha giza kilikuwa ghala dogo la nyuma ya nyumba. Karatasi ya picha huvumilia taa nyekundu, nami taa nyekundu ninayo: ile ya nyuma ya baiskeli. Niliigeuza baiskeli matairi juu, dinamo ikagusa gurudumu, na mke wangu Time akawa anazungusha pedeli kwa mkono ili taa iwake.

"Taratibu, mwanamke," namwambia, "hizi si mbio za Chake!"

"Ukitaka taa iliyotulia," anasema Time, "ungemuoa bwana umeme."

Tunacheka, kisha macho yote yanakwenda kwenye maji. Kwa sababu ndani ya bakuli, kwenye karatasi nyeupe isiyo na kitu, mtu anaanza kuja. Kwanza macho, halafu nywele, halafu shati. Anapanda kutoka chini ya maji bila kupumua. Nimeliona jambo lile mara mia ngapi sijui, na kila mara Time aliacha kuzungusha, na taa ikazimika, na mimi sikumgombeza.

Sasa nawapeleka Msuka, kwa mama yangu, Bi Mize.

Baba yangu, Mzee Shaame, alifariki Msuka kule kaskazini, kwenye nyumba yake ya udongo yenye mlango wa mfenesi aliojivunia kuliko shamba. Mama akaingia edda. Miezi minne na siku kumi, hatoki nje, hajipambi, hajitazami kwenye kioo. Wiki tatu tu baadaye, dada yangu Raya, aliyeolewa Wambaa, kule kusini, akajifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa mama. Wakampa jina la babu yake, Shaame. Raya naye akawa ndani ya arobaini yake, hatoki na mtoto hatoki. Mama mjane ncha hii ya kisiwa, binti mzazi ncha ile, wote wawili wamo ndani.

Yote hayo yangesubiri. Kisichosubiri kilikuwa jicho la mama. La kushoto lilishazimika zamani. La kulia lilikuwa linaingia ukungu mweupe, na kila nikienda kumtazama ulikuwa umeongezeka. Daktari wa macho yuko Unguja, na mama alishaapa kwamba meli hapandi mpaka edda iishe.

Nilimkuta kakaa juu ya mkeka, kajifunika kaniki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Huyo mtoto wa Raya kafanana na nani?"

"Sijamuona, mama. Nasikia kafanana na marehemu."

"Nasikia, nasikia! Mie kusikia nitasikia mpaka nife, masikio yangu mazima. Nataka kuona. Hapa ulipo nakuona kama nakutazamia ndani ya maziwa. Arobaini ya Raya na jicho langu, sijui kipi kitakwisha mwanzo." Kisha akasema, "Ile mashine yako unayojisifia, si inaleta watu?"

"Inaleta."

"Basi niletee."

Nilipanda baiskeli mpaka Wambaa. Raya alinipokea chumbani, moshi wa udi umetanda, mtoto katiwa doa la wanja kwenye paji. Nikamwambia amlaze kwenye shuka nyeupe karibu na mlango, mwangaza umpate ubavuni, usije wa mbele ukaufanya uso bapa. Hilo nalo lishikeni: uso unataka nuru ya kando.

"Mpige hivi, kaka," Raya akamgeuza kichwa. "Sikio lionekane."

Nikatazama sikio, nikasahau kubonyeza. Baba yetu alikuwa na sikio ambalo ncha yake ya juu imejikunja mbele, kama kona ya sambusa. Sisi watoto hakulirithi hata mmoja wetu. Na sasa lilikuwa pale, dogo kama ganda la chaza, juu ya kichwa cha mtu mwenye umri wa siku kumi na tatu.

Nikapiga. Nikarudi Wete, nikasafisha, ikatoka picha ambayo mpaka leo naiweka mbele ya picha zangu zote. Kila unywele unauhesabu. Siku ya pili niko Msuka, kifua mbele, namkabidhi mama.

Akaishika kwa vidole viwili. Akaileta puani. Akaigeuza, akaipeleka upande wa mlango, akaileta tena.

"Karatasi nzuri," akasema. "Laini. Mtoto yuko wapi?"

Nikakishika kidole chake nikakiweka juu ya uso wa mtoto. "Hapa, mama."

"Hapa pana ubaridi tu, mwanangu."

Kaka yangu Hamad alikuwa kasimama mlangoni. Hamad ni mkubwa wetu, mtoto wa baba kwa mke wa kwanza, na ndiye aliyekuwa akisimamia mirathi, maana mali ya marehemu ilikuwa haijagawiwa. Mtu wa kuhesabu nazi mtini. Akasema, "Fundi mkuu wa Wete! Umemleta mtoto hafiki ukucha wa kidole gumba. Bora ungemleta mwenyewe ndani ya tenga la kuku."

Niliichukua picha yangu, nikapanda baiskeli.

Nilirudi moja kwa moja dukani kwa Mzee Kanji, hata maji sijanywa. "Nataka mtoto huyu awe mkubwa."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Mkubwa wa kuonwa na mtu asiyeona."

Akatikisa kichwa. Karatasi ya ukubwa huo hana, wala mashine ya kuikuzia. Nikakaa juu ya gunia, natazama lile dirisha la stoo. Hapo ndipo iliponijia. Siku ile njia ya Wete iliingia tunduni ikajaa ukuta mzima. Kamera inakula kitu kikubwa inakifanya kidogo. Je, ukiigeuza ukailisha kwa nyuma, si itatema kidogo kiwe kikubwa? Jua lipigwe kwenye kioo, kioo kilitupe jua nyuma ya kamera, filamu ikae mahali pake, na jicho la kamera litazame ndani ya chumba cha giza.

Nilimweleza mbio mbio, mate yananitoka. Mzee Kanji akacheka mpaka akavua miwani. "Kitu hicho watu wamekivumbua zamani sana, huko mbali," akasema. "Lakini Pemba umekivumbua wewe. Mimi shahidi."

Nikajaribu ghalani kwangu. Time nje kashika kioo chake cha harusi, mimi ndani. Ukuta ukawaka, na mtoto akatokea mrefu kuliko mimi. Nikamwita Time aje achungulie.

"Mbona ana mvi?" akauliza Time.

Kweli ana mvi, na doa la wanja ni jeupe kama chokaa. Kwa furaha zangu nilisahau kwamba filamu ikisafishwa nyeusi huwa nyeupe na nyeupe huwa nyeusi, na ni karatasi tu inayoirudisha. Ningempelekea mama kizee cha siku kumi na tatu. Mzee Kanji akanipa kipande cha filamu mbichi, cha mwisho alichokuwa nacho. Nikakilaza chini ya ile ya kwanza kizani, nikawasha njiti ya kibiriti, nikasema Bismillahi, nikaipuliza. Nikasafisha bila taa yoyote, kwa kuhesabu tu. Kilipotoka, nywele zilikuwa nyeusi. Nilikifunga kwenye leso nikakitia kifuani, na mimi na Time tukapanda gari la asubuhi kwenda Msuka.

Sasa, nyumba ya baba haina dirisha upande wa jua, ina vitundu vya hewa juu karibu na paa. Niliziba vitundu, nikatundika jamvi mlangoni, nikalitoboa nikachomeka jicho la kamera. Upepo ukawa unalichezea, na mwanga unapita pembeni. Ukutani hapakuwa na mtoto, palikuwa na wingu linalotetemeka.

"Naona weupe," mama akasema kwa upole. Upole ule ulinichoma kuliko kejeli ya Hamad.

Nikautazama mlango. Mbao za mfenesi, nene, zimekaa kimya. Nikamtazama Hamad. Hamad akanielewa kabla sijafumbua mdomo.

"Usithubutu, yakhe. Mlango huo ni wa mirathi. Haujagawiwa. Una haki ya Raya, una haki ya mama, una haki yangu."

"Tundu moja, kaka. La kupita jicho la kamera tu."

"Na kioo je? Nyumba ya edda hiyo, unaileteaje kioo? Na picha! Malaika hawaingii kwenye nyumba yenye picha."

"Kioo kitakaa nje," nikasema, "wala hatakitazama."

Mama akasema kutoka mkekani, hakupandisha sauti, "Malaika watangoja uani, picha ikishatoka wataingia. Hamad mwanangu, mie nimeufungua na kuufunga mlango huo miaka yote tangu niolewe. Mpe ndugu yako keekee ya marehemu atoboe."

Hamad akaileta keekee. Aliileta, lakini aliisukuma kwa mguu.

Nilitoboa tundu kwa urefu wa kifua, vumbi la njano la mfenesi likinimwagikia miguuni, na harufu yake ikatoka kama mti umekatwa jana. Nikaifunga kamera kwa nje, jicho limeingia tunduni, kifuniko cha nyuma nimekitoa, kipande cha filamu nimekitia kichwa chini ili ukutani kisimame sawasawa. Jicho nikaliacha wazi kwa kabari ya njiti. Kioo nikampa Hamad, maana Time nilimtaka ndani na mama. Alikikubali kama mtu aliyepewa mtoto anayelia.

"Mimi nitakishika," akasema, "lakini simo."

Nikaingia, nikaufunga mlango. Giza. Namsikia mama anavyopumua.

"Kaka! Pandisha kidogo. Kushoto. Kushoto kwako! Rudi!"

Mtoto akaja. Vijana, maneno hapa yananipungukia, na mimi si mtu wa kupungukiwa. Hakuja kama picha. Alikuja kama jua lenyewe limeamua kuwa mtoto. Alijaa ukuta kutoka sakafuni mpaka kwenye makuti, shavu moja ukubwa wa kitanda, kope moja moja kama mianzi. Ukuta wa udongo tuliouzoea, wenye nyufa tulizokuwa tukizichimba utotoni, ulikuwa unapumua. Na kwa kuwa jua halisimami, wala mkono wa Hamad hausimami, mtoto alikuwa anatambaa, polepole, anapanda ukuta.

Time akasema "Subhanallah" na kukaa palepale aliposimama.

Mama akainuka. Hakushikwa na mtu. Akaenda mbele, mwanga ukampanda mgongoni, na kivuli chake kikaingia kwenye shavu la mtoto. Akasogea kando mwenyewe, kama anayempisha mgeni. Akanyoosha mkono, akaupitisha kwenye nywele, kwenye doa la wanja, akateremka pole pole mpaka sikioni. Sikio lilikuwa kubwa kuliko sinia. Akaifuata ile ncha iliyojikunja kwa kiganja, akairudia, akairudia tena.

Jueni kwamba mama yangu, kama wanawake wa rika lake, hakuwahi kulitaja jina la mumewe. Alimwita baba watoto, alimwita huyo bwana, akikasirika alimwita huyo mtu wenu. Maisha yangu yote sijalisikia kinywani mwake. Akauegemea ukuta, mdomo wake uko sikioni mwa mtoto, akasema:

"Shaame."

Picha ikaruka mpaka paani, ikapotea. Huko nje Hamad alikuwa kalisikia jina, kioo kimemyumba.

"Nani kaita?" sauti yake ikaja kupitia mlangoni. "Nani kamwita baba?"

Time akatoka bila kuambiwa, akakipokea kioo, akamsukuma Hamad ndani. Time aliyezoea kuzungusha pedeli mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wa sote. Mtoto akarudi, akasimama imara. Hamad akatazama. Alitazama sikio. Akavua kofia, akaikunja, akaivaa, akaivua tena.

Nikaona kona ya ukuta inajikunja. Nikajua mara moja: jua limeipasha moto filamu. Ningekimbilia nje kuiokoa, lakini mlango ukifunguliwa mtoto anakufa kwa nuru, na mama bado mkono wake upo juu yake. Nikasimama. Filamu ikajipinda taratibu, na ukutani mtoto akageuza uso, kama mtoto anavyougeuza anapotaka kulala, upande wa pili, akatuonyesha kisogo kilichofifia, kisha hakuwepo. Ulibaki mwanga mtupu.

"Kasinzia," akasema mama.

"Kasinzia, mama," nikamjibu.

Mvua za masika zilikata njia mwaka ule. Raya alipotoka arobaini hakuweza kusafiri, mpaka edda ya mama ikabakiza siku chache ndipo gari lilipomfikisha Msuka na mtoto wake mgongoni. Ukungu ulikuwa umeshalifunga jicho la mama. Mama alipopata kupelekwa Unguja, daktari alisema jicho lile halina tena la kufanyiwa. Lakini siku ile ya Raya, mama alimpokea mtoto mapajani, akapeleka vidole moja kwa moja kwenye sikio, hakuhangaika wala hakupapasa. Akaifuata ncha.

"Ndiye," akasema. Kisha akampima mkono kwa mkono wake, akampima mguu, akakunja uso. "Ndiye yeye. Mbona mmemleta mdogo?"

Edda ilipokwisha, mirathi ikagawiwa. Hamad alisimama mbele ya warithi, kakunja mikono, akasema mlango una tundu.

"Si ulishika kioo wewe!" nikamwambia.

"Kioo nilishika bure. Mlango si wangu peke yangu."

Wakamwita seremala, akatia bei ya ubao mmoja wa mfenesi na kazi ya siku moja. Mama akasema tundu lisizibwe, warithi walipwe tu. Nikahesabu mbele ya wote, juu ya jamvi: shilingi kumi na saba na senti thelathini.